Kumbukumbu Rasmi

Neno likishatoka halirudi, husemwa.
Mimi nilikuwa nalirudisha kwa mguu.
Chumba cha chini, Bunge la jimbo, Winnipeg,
visikizio masikioni, kanyagio chini ya kiatu:
bonyeza kwa kidole gumba, mkanda unasema,
kanyaga kwa kisigino, maneno yanarudi nyuma.

Miaka tisa nilimwandika bila kumwona uso.
Nilimjua kwa kikohozi.

Mheshimiwa Halldora Sigvaldason, wa Grundvik,
mwalimu wa hesabu, mjane,
aliyeshinda kwa kura arobaini na moja
akaja na viatu vyake vya theluji katika mfuko wa plastiki,
akapita katikati ya nyati wawili wa shaba pale ngazini
(haya niliambiwa na mfagiaji).
Hotuba yake ya kwanza ilihusu mtaro.
Dakika kumi na mbili, mtaro mtupu:
upana wake, kina chake, theluji ikiyeyuka
maji yanavyolala shambani kama mgeni asiyejua kuaga.

Wakamcheka.
Kwa kanuni zetu, kicheko huandikwa ndani ya mabano.
Nikaandika (Kicheko), mara tano.
Mtu akimeza mate hana mabano yake.

Mtaro ulichimbwa mwaka wa nne.
Aliyekata utepe ni Waziri.

Walimwita bibie walipotaka akae,
Mheshimiwa sana walipotaka kura yake.
Naye akajifunza: kusimama kabla hajaitwa,
kutaja tarakimu polepole, moja moja,
kama anayehesabu chenji mbele ya mwenye duka mjanja.
Kikohozi kikapungua.
Nikaanza kumpenda, kama mtu anavyoipenda redio.

Kisha ukaja usiku wa Machi, muswada wa hospitali ndogo.
Ya Grundvik ilikuwa na vitanda vinane.
Kwa vitanda hivyo alikuwa ameomba kura
nyumba kwa nyumba, kope zikiganda kwa baridi.
Chama ni chake, serikali ni yake.
Nyuma ya kiti chake nasikia mnadhimu akinong'ona:
"Tukianguka leo, Halldora, hata lami hampati."
Mnong'ono hauandikwi.

Karani anaita majina.
"Sigvaldason."

Sekunde sita. Nilizipima.
Kiti kinalia. Mtu anafunua karatasi, mbali.
"Ndiyo."

Ishirini na nane kwa ishirini na saba.

Asubuhi akashuka ngazi hadi kwetu.
Alikuwa mfupi kuliko sauti yake.
Mbunge ana haki ya kusahihisha kosa dogo,
jina, tarakimu, herufi iliyoteleza;
maana ya neno haiguswi.
Akaomba kusikiliza. Nikamvisha visikizio vyangu,
vikiwa bado na joto la masikio yangu.
Akasikiliza mara tatu.
"Hapa katikati," akauliza, "hamwandiki kitu?"
"Hatuandiki, Mheshimiwa."
Akafuta miwani kwa ncha ya sweta.
Akainama juu ya ukurasa, akachukua kalamu yangu.
"Grundvik ina v. Wewe umeweka w."
Akasahihisha, akashukuru, akapanda ngazi.

Wakamchagua tena, kwa kura kumi na tisa.
Husemwa kila Ijumaa aliwapakia wagonjwa garini mwake,
kilomita themanini na nne hadi kitanda kilicho karibu,
hakuwatoza mafuta, hakuwaeleza neno.
Uchaguzi uliofuata akashindwa.
Hotuba ya kuaga: dakika mbili. Alizungumzia mtaro,
kwamba umeanza kujaa matope.
Hakuna aliyecheka. Sikuwa na la kuweka kwenye mabano.

Sasa nimestaafu.
Mikanda yote ya mwaka ule iliamriwa ifutwe.
Mmoja haukufutwa; msiniulize.
Usiku, theluji ikisukuma mlango,
nauweka kwenye mashine kuukuu, navua kiatu.
"Sigvaldason," karani anaita.
Kiti kinalia. Karatasi, mbali.
Moja, mbili, tatu, nne, tano,
nainua mguu.